Ule ujumbe wa "Mjapani aliyepewa Nobel kwa ajili ya funga": tuuchambue, tuone seli hutunzaje protini zake

MwalimuKibokoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wana jukwaa, na habari zenu nyote.

Shaabani ikiingia tu, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa. Mara una picha ya mzee wa Kijapani amevaa miwani, mara ni sauti ya mtu anayejiita daktari. Unasema mwanasayansi wa Japani alipewa Nobel kwa kuthibitisha kwamba ukifunga saa 16, mwili wako unazila seli za saratani na kuzimaliza. Wiki hii nimeletewa tena, safari hii na watu ninaowaheshimu, ndiyo maana naandika.

Mzee yupo kweli. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya Tiba alipewa kweli, mwaka 2016, peke yake. Ila hakumfungisha mtu yeyote. Alifungisha hamira.

Ndiyo, hamira ya mahamri. Seli ya hamira ina chumba ndani yake kiitwacho vakuoli, ambamo vitu humeng'enywa. Ohsumi alichukua hamira zilizopungukiwa na vimeng'enya vya chumba hicho, akazinyima chakula, kisha akazitazama kwa hadubini ya kawaida. Baada ya saa chache vakuoli zilikuwa zimejaa vifuko vidogo vidogo vinavyocheza cheza. Vifuko vilikuwa vikiingia, lakini ndani hakuna wa kuvivunja, basi vikarundikana hadi vikaonekana. Hayo yalichapishwa 1992, na mwaka uliofuata akatoa kundi la jeni 15 ambazo hamira ikizikosa haiwezi kazi hiyo. Ndani ya vifuko mlikuwa na nini? Vipande vya hamira yenyewe: protini zake na mabaki ya viungo vyake. Ilikuwa inajila ili isife njaa. Kazi hiyo huitwa otofajia, jina alilolitoa Christian de Duve, Mbelgiji aliyegundua lisosomu (chumba cha kumeng'enyea cha seli za wanyama), mnamo 1963.

Sasa, kilichonifanya nifungue uzi badala ya kuandika tu "ni uongo" ni kwamba jambo lenyewe linapendeza kuliko huo uzushi. Mtu mzima huvunja na kujenga upya kama gramu 300 za protini kila siku. Kuku, maharage na samaki unaokula hukupa kama robo ya hizo. Zilizobaki ni protini zako mwenyewe, zimevunjwa zikawa asidi amino, zikaunganishwa tena kuwa protini nyingine. Aliyekula biriani saa saba mchana, saa nane anavunja protini zake. Hapangi, wala hasubiri Ramadhani.

Maoni yangu ni haya: tumezoea kusema mwili "unajenga", na shule hutufundisha DNA na ribosomu (mashine inayojenga protini), basi. Nusu ya pili, ya kulinda umbo la kilichojengwa na kukibomoa kwa wakati wake, hatuambiwi. Na magonjwa mengi yako huko. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

---

YakheWaMajengo

Maalim, yakhe, wataka kutuvunja moyo na mwezi uko mlangoni? 😀 Mimi nshawatumia jamaa zangu wote ule ujumbe.

---

MwalimuKibokoni

Yakhe, funga ni ibada. Haihitaji hamira kuja kuitolea ushahidi. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa wa saratani aache kwenda kliniki kwa sababu ya picha ya WhatsApp.

Na njaa kweli huongeza otofajia, hilo sibishi. Kwenye ini, homoni ya glukagoni huipandisha na insulini huishusha. La glukagoni limejulikana tangu miaka ya 1960. Panya akinyimwa chakula siku mbili, ini lake hupoteza sehemu kubwa ya protini zake kwa njia hiyo. Lakini kwa mtu aliye hai kipimo ni kigumu, huwezi kumkata kipande cha ini kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo anayekwambia "saa ya 16 ndipo inapowaka" hiyo saa ameitoa wapi?

---

BintiTudor

Maalim shukran. Nasomea uuguzi, na kuna kitu sikukielewa darasani. Kuvunja kitu si rahisi kuliko kujenga? Mbona tuliambiwa seli hutumia nishati kuvunja protini? Tumboni chakula humeng'enywa bila nishati hiyo.

---

MwalimuKibokoni

Swali lako liliwasumbua watu karibu miaka thelathini, binti. Mwaka 1953 Melvin Simpson aligundua kwamba vipande vya ini vikinyimwa nishati, huacha kuvunja protini zake. Haikuingia akilini. Tripsini ya matumbo huvunja nyama bila kudai chochote, kwa nini seli ilipe?

Jibu lilitoka kwa Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover huko Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani. Walitumia seli nyekundu changa za sungura, kwa sababu hizo hazina lisosomu; kama bado zinavunja protini, basi pana njia nyingine. Wakakuta protini ndogo ya asidi amino 76 inayobandikwa kwenye protini iliyohukumiwa. Ikibandikwa moja juu ya nyingine, mnyororo wa nne au zaidi, hukumu imepita. Inaitwa ubikwitini. Nobel ya Kemia, 2004.

Protini iliyobandikwa hupelekwa kwenye proteasomu. Hiyo ni mashine yenye umbo la pipa, makali yake yako ndani, na mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba protini iliyokunjika haipiti. Lazima kwanza inyooshwe iwe uzi. Kunyoosha ndiko kunakokula nishati, na kubandika pia. Kabla haijaingia, ubikwitini hubanduliwa ikatumike tena.

Kwa hiyo seli hailipi kwa ajili ya kuvunja. Inalipa kwa ajili ya kuchagua. Tripsini ikiachiwa ndani ya seli itakata kila inachokutana nacho. Seli inataka kuvunja hii na kuiacha ile iliyo kando yake. Kuna protini ambazo zinatakiwa ziishi dakika tu: p53, ile inayozuia saratani, huvunjwa ndani ya nusu saa hivi kwenye seli isiyo na matatizo. Inatengenezwa na kubomolewa mfululizo, mchana na usiku. Ukiona ni ufujaji, fikiria siku DNA inapoharibika: seli haina haja ya kungoja p53 itengenezwe, inasimamisha ubomoaji tu, na baada ya muda mfupi imejaa tele.

---

HamiraTupu

Nimependa jina langu limepata heshima humu. Sasa maalim, protini "inaharibikaje"? Inaoza? Inavunjika?

---

MwalimuKibokoni

Inapoteza umbo. Protini ni mnyororo wa asidi amino, aina 20, zimepangwa kwa mfuatano maalumu. Ukitoka kwenye ribosomu ni uzi tu, haufanyi kazi yoyote. Lazima ujikunje upate umbo lake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha kwamba umbo hilo limeandikwa ndani ya mfuatano wenyewe. Alichukua kimeng'enya cha ribonyuklesi, akakifungua kwa yurea na kemikali nyingine, kikafa kazi. Akaviondoa vile vitu taratibu, na kimeng'enya kikajikunja chenyewe kikafanya kazi kama zamani. Alipata Nobel 1972.

Lakini Anfinsen alifanya kwenye maji yenye nafasi. Seli ndani haina nafasi. Kila lita ya maji yake ina gramu 200 hadi 300 za protini, imesongamana kama feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Sasa fikiria uzi ambao haujamaliza kujikunja: zile sehemu zake zinazochukia maji, ambazo zingefichwa katikati, bado ziko nje. Na za jirani yake nazo ziko nje. Zinashikana. Zikishikana zinakuwa bonge, na bonge halirudi nyuma kirahisi.

Ndiyo maana kuna shaperoni, protini walezi. Kazi yao ni kushika sehemu hizo zinazonata hadi uzi uwe tayari. Baadhi, kama HSP70, hushika na kuachia, hushika na kuachia. Wengine wana umbo la chumba chenye kifuniko: protini moja inaingia, mlango unafungwa, inajikunja peke yake bila kusukumwa na mtu, kisha inatolewa. Chumba hicho Arthur Horwich na Franz-Ulrich Hartl walikifafanua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Walezi hawaifundishi protini umbo lake, hilo inalo tayari. Wanazuia isishikane na isiyohusika.

Na jambo ambalo watu hawalijui: umbo la protini linashikiliwa na nguvu ndogo mno. Tofauti kati ya iliyokunjika na iliyofunguka ni sawa na vifungo vichache vya hidrojeni. Kila siku ziko zinazofunguka na kukunjika tena bila sisi kujua.

---

Nahodha_Mtongwe

Mimi si msomi wa hayo, mimi ni mvuvi. Lakini umesema yurea. Sisi twajua papa ana mkojo ndani ya nyama, ndiyo sababu yuwanuka ukimchelewesha kumpasua. Wazee walitwambia hivo. Sasa ikiwa yurea yafungua protini, papa yuaishi vipi?

---

MwalimuKibokoni

Nahodha, hili swali ningefurahi liulizwe na profesa.

Wazee walisema kweli. Papa na taa huweka yurea kwenye damu makusudi, ili maji ya chumvi yasiwanyonye maji ya mwilini. Kiasi chake ni kama milimoli 350 hadi 400 kwa lita. Wewe na mimi tuna kati ya 2.5 na 7 hivi. Ikifika hiyo ya papa tumekufa zamani. Na yurea kweli hulegeza protini.

Papa ana dawa yake. Anaweka kitu kingine, trimethilamini oksidi, kwa kifupi TMAO, ambacho hufanya kinyume: kinazikaza protini zibaki zimekunjika. Paul Yancey na George Somero walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba viwili hivyo hukaa kwa kipimo cha yurea mbili kwa TMAO moja, na kwa kipimo hicho vinafutana. Papa hakubadilisha protini zake zote zizoee yurea. Alibadilisha maji zinamoogelea. Mimi naona hilo ni jibu la akili kuliko yote niliyoyataja humu.

Harufu nayo ni hesabu hiyohiyo baada ya kifo. Bakteria huivunja yurea ikawa amonia, na TMAO ikawa trimethilamini, ile harufu ya shombo. Kumpasua mapema, kutoa damu, kumtia chumvi na kumwanika: yote hayo ni kuwahi kabla ya bakteria. Na anayemroweka papa mkavu na kumwaga maji kabla ya kumtia kwenye tui anaondoa amonia na chumvi kwa pamoja.

---

YakheWaMajengo

Nahodha umeua uzi. Papa wa tui nimemtamani saa hii na ni usiku.

---

DawaAsilia_Pwani

Ndugu zangu msihangaike na nadharia. Tuna unga wa mitishamba unaosafisha protini mbovu mwilini, kisukari, presha, nguvu za kiume, yote kwa pakiti moja. Tunaleta hadi mlangoni Mombasa, Kilifi na Kwale. Nitumieni inbox.

---

Msimamizi

Tangazo moja zaidi na akaunti inafungwa.

---

MwalimuKibokoni

Msimamizi asante. Ndugu muuzaji, swali moja tu: huo unga unajuaje ipi mbovu na ipi nzima? Seli yenyewe ina mamia ya vimeng'enya vya kubandika ubikwitini, kila kimoja na walengwa wake, na bado inakosea.

---

KisimaChaBamburi

Tukiwa kwenye joto la kaskazi hivi, nyuzi 33 na jasho, protini zetu zinalegea? Na homa ya 40 je?

---

MwalimuKibokoni

Joto la nje halihusu sana, mwili unajishikilia kwenye 37 kwa hilo jasho. Homa ndiyo inayogusa seli. Nyuzi mbili tatu juu ya kawaida zinatosha kuamsha ulinzi.

Ulinzi huo uligunduliwa kwa ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa wa Italia alikuwa akitazama kromosomu za nzi wa matunda. Mwenzake akapandisha joto la kabati la kuatamizia bila kumwambia. Ritossa akakuta kromosomu zimefura mahali ambapo hazikuwa zimefura, ishara kwamba jeni za hapo zimeamka. Akachapisha 1962. Ilichukua zaidi ya miaka kumi watu kujua kwamba kilichokuwa kikitengenezwa ni walezi. Ndiyo maana majina yao huanza na HSP, protini za mshtuko wa joto.

Swichi yenyewe ni nzuri kwa urahisi wake. Kuna protini iitwayo HSF1. Siku za kawaida inashikwa na walezi wenyewe, HSP70 na HSP90, haifanyi kitu. Joto likipanda, protini nyingine zinaanza kufunguka na walezi wanazikimbilia. HSF1 inabaki bila mshikaji. Inaungana tatu tatu, inakaa juu ya DNA na kuamsha jeni za walezi zaidi. Walezi wakitosha, wale wasio na kazi wanairudia HSF1 na kuishika tena. Seli haina kipimajoto hapo. Inahesabu walezi walio huru.

Chaza waliogandamana na miamba ya Nyali wanapita humo kila maji yakitoka wakaachwa juani. Genomu ya chaza wa Pasifiki ilipochapishwa 2012 ilikuwa na jeni 88 za ukoo wa HSP70. Binadamu tuna kama 17.

---

BintiTudor

Hapo kwenye joto nina swali la nyumbani. Mamangu hutumia insulini. Alitoka Voi na matatu, mkoba ukawekwa mbele kwenye kioo, jua lote likawa juu yake. Insulini ni protini. Imekufa?

---

MwalimuKibokoni

Binti, kichupa hicho asikitumie kwa kubahatisha, mpeleke kwa mfamasia wake leo. Nitakueleza kwa nini.

Insulini ndani ya seli za kongosho ina walezi, na ikishaiva huhifadhiwa sita sita zikiwa zimeshikiliwa na zinki. Ndani ya kichupa zinki ipo, walezi hawapo. Ikifunguka hakuna wa kuishika, na zikifunguka nyingi zinajipanga kuwa nyuzi zisizorudi. Kutikisika kwa gari kunaongeza. Ile ya maji maangavu ukiiona imekuwa na ukungu au chembe, itupe. Lakini kuna aina ambayo kawaida yake ni nyeupe kama maziwa, hiyo jicho halitakusaidia. Na inaweza kupungua nguvu kabla haijaonyesha chochote.

Joto la kawaida la chumba silo la kuogopa hivyo. Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha 2021 utafiti uliotokana na kambi ya Dadaab: insulini iliyopitishwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama nyumba za kule, kwa wiki 4, ilibaki na nguvu sawa na ya kwenye friji. Dashibodi ya gari juani hupita hapo mbali sana. Na isigandishwe, barafu nayo huua.

Wengine huihifadhi kwenye mtungi wa udongo uliolowa. Bara kwenye hewa kavu unapoza vizuri. Hapa kwetu hewa imeshiba maji, uvukizi ni mdogo, basi usiutegemee mtungi kama wa Garissa.

---

BintiTudor

Nimempigia, kesho asubuhi anakwenda. Na kuhusu kufunga kwake?

---

MwalimuKibokoni

Hilo ni la daktari wake, na waongee kabla ya mwezi kuandama, sio siku ya pili ya funga. Dozi hubadilishwa, na wengine hukatazwa kabisa.

Nikuongezee moja kwa ajili ya masomo yako. Seli ya kongosho inayotengeneza insulini hutoa hadi kama molekuli milioni 1 kwa dakika ikiamshwa. Zote zinakunjwa kwenye chumba kimoja, retikulamu ya endoplazimu. Kikielemewa, hatua moja ya mwanzo ni kupunguza uzalishaji: protini iitwayo PERK inazuia ribosomu kuanza kazi mpya. Wengine wawili, IRE1 na ATF6, wanaagiza walezi zaidi. Peter Walter na Kazutoshi Mori ndio waliofumbua njia hiyo. Nafuu isipopatikana kwa muda mrefu, seli hujiua. Kisukari cha aina ya pili kina sehemu ya habari hiyo: mwili haujali insulini, kongosho linazidisha, seli zinachoka, zinapungua.

---

MamaWaChangamwe

Maalim, shikamoo. Nimesoma kimya kimya tangu juu. Mwanangu ana selimundu. Kama seli ina mashine za kutupa protini mbovu, mbona hazitupi ile himoglobini yake?

---

MwalimuKibokoni

Marahaba mama. Mungu ampe afya. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Himoglobini ya mwanao imekunjika vizuri. Hapo ndipo penye uchungu. Katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ya sita imebadilika: palipokuwa na glutamati pana valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo miaka ya 1956 na 1957. Umbo halikuharibika, na inabeba oksijeni. Mkaguzi wa seli hukagua umbo, haulizi "utafanya nini ukifika kwenye goti". Inapita.

Taabu inaanza inapoachia oksijeni. Valini ile huwa kiraka cha kunata juu ya uso wake, kinaingia kwenye kijishimo cha himoglobini jirani, na hiyo kwa nyingine, hadi zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoipinda seli. Ikirudi mapafuni ikapata oksijeni, kamba zinayeyuka. Kosa linatokea na kutoweka. Na seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu. Haiwezi kutengeneza protini mpya hata moja. Ya kawaida huishi hivyo siku 120 kwa ilivyokuja navyo. Za mwanao huchakaa mapema zaidi kwa kupindwa na kunyooshwa.

Haidroksiyurea, kama ameandikiwa, hairekebishi ile valini. Inaamsha himoglobini ya uchanga, ambayo ikichanganyika humo inazikatiza kamba zisirefuke. Sina zaidi ya hapo kwa dawa, kliniki yake ndiyo inayomjua.

Na kwa nini selimundu imejaa pwani: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye jeni moja tu ya selimundu ni wengi huku pwani na kando ya ziwa, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba jeni moja hukinga dhidi ya malaria. Wewe na baba yake mlirithi kinga. Hakuna aliyekosa.

Kinyume chake kipo pia. Katika sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi wazungu, mara nyingi protini ya CFTR hukosa asidi amino moja, inakunjika polepole. Ingefika kwenye utando wa seli ingefanya kazi kiasi. Mkaguzi anaikamata na kuipeleka kwenye proteasomu. Dawa za siku hizi zinaishika ijikunje ipite ukaguzi. Kwa hiyo mashine hii huko inakamata kupita kiasi, na kwenye selimundu inaachia.

---

MamaWaChangamwe

Ahsante maalim. Hiyo ya "hakuna aliyekosa" nitamsomea baba yake.

---

MzeeWaFrere

Na mtoto wa jicho? Nimefanyiwa operesheni la kulia, la kushoto linangoja.

---

MwalimuKibokoni

Shikamoo mzee. Lenzi ya jicho ni kesi ya peke yake. Seli za katikati yake zilitengenezwa kabla hujazaliwa, kisha zikatupa kiini, ribosomu na kila kitu kinachozuia mwanga. Zikabaki zimejaa protini ziitwazo kristalini. Hazitabadilishwa maisha yako yote. Humo mlezi pekee wa maana ni alfa-kristalini, ambayo mwaka 1992 Joseph Horwitz alionyesha kwamba inashika zile zinazofunguka. Jua, sukari na miaka hufungua nyingine, mlezi anazishika moja moja, naye hatengenezwi upya. Akiisha, zinazofuata zinashikana na mwanga haupiti. Hakuna tone la dawa linaloziachanisha, ndiyo maana hutolewa lenzi ikawekwa ya plastiki. Nenda ukafanye la kushoto.

---

MtuWaTanga

Wakuu salaam kutoka Tanga. Turudi kwenye mada. Kwa hiyo otofajia kwenye saratani haina msaada kabisa?

---

MwalimuKibokoni

Karibu jirani. Ina sura mbili. Kabla saratani haijaanza, otofajia husaidia kwa kuondoa takataka zinazoumiza DNA. Ikishaota, uvimbe wenyewe unaitumia: katikati yake damu haifiki vizuri, chakula ni haba, seli zake zinajila ili zidumu. Ndiyo maana madaktari wamejaribu kuizuia kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyomezeshwa utotoni kwa malaria. Yaani ule ujumbe wa WhatsApp umegeuza mambo juu chini.

Dawa ambayo imefaulu kabisa inaziba proteasomu. Bortezomibu iliidhinishwa Marekani 2003 kwa saratani ya mayeloma. Seli hizo hutengeneza kingamwili kwa wingi wa ajabu, ziko ukingoni tayari kwa uchafu wa protini. Ukiziba mlango wa kubomolea, zinakufa kabla ya jirani zake. Hata artemisinini, ile iliyo kwenye dawa mseto za malaria, hupiga humo: inabandikana na protini za kimelea ovyo ovyo, na wakati huohuo proteasomu yake inaelemewa.

---

Nahodha_Mtongwe

Maalim nina la mwisho. Ile TMAO ya papa, samaki wengine wanayo? Wale wa maji ya kina?

---

MwalimuKibokoni

Wanayo, na kina kinavyoongezeka ndivyo inavyozidi. Shinikizo la maji nalo hupotosha protini, TMAO inazikaza. Lakini kila unapoongeza, maji ya mwilini yanakuwa mazito kwa vitu vilivyoyeyuka ndani yake. Mwaka 2014 Yancey na wenzake walipiga hesabu: kwenye mita kama 8,200 hadi 8,400 maji ya mwili wa samaki yatakuwa mazito kuliko ya bahari yenyewe, maji yatamwingia badala ya kumtoka, na huko chini zaidi hawezi kuishi. Mwaka 2022 kamera iliyoshushwa kwenye handaki la bahari karibu na Japani ilimpiga picha samaki wa kina kirefu kuliko wote waliowahi kuonekana. Alikuwa mita 8,336.